Matanga ya Watu wa Chini ya Maji

Séraphin aliacha kutafuna. Kwa mtu ambaye hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana yake, hilo si jambo dogo, na mama wa malewa, kibanda cha chakula pale Sake, aliyempa ile sahani ya fufu na samaki wadogo wa sambaza kwa shingo upande, alidhani ameng'ata jiwe.

Hakuwa ameng'ata jiwe. Alikuwa anasikiliza redio. Mama mmoja mwenye sauti ya shule alikuwa anaeleza kwamba katika bahari za mbali, chini kabisa, kumelala vijiji vya watu wa kale, wale walioishi kabla ya maandishi na kabla ya chuma. Zamani pale palikuwa pakavu, watu wakijenga, wakipika na kuzaa, halafu bahari ikapanda ikafunika kila kitu. Siku hizi wapo wataalamu wanaovilinda vijiji hivyo. Wanavilinda vipi? Kwa kuviacha, alisema yule mama. Kanuni ya kwanza ni kwamba kitu kibaki pale kilipo. Hakitolewi, hakishikwi, na mahali pengine hata hakionyeshwi, ili wezi wasijue wapi pa kuzamia. Wakati mwingine kinafunikwa mchanga makusudi. Na kuna watu wanaotoa fedha, kwa heshima kubwa, ili kisichoonekana kiendelee kutoonekana.

Hapo lazima ujue tabu ya maisha ya Séraphin. Bwana huyu alikuwa na kila kipaji ambacho kazi yake inadai: ulimi laini, shati lililopigwa pasi hata siku za njaa, nywele nyeusi zilizochanwa kwa mafuta na kugawanywa upande, na uso wa mtu ambaye mama yake ni mgonjwa. Lakini tangu aanze kazi, wateja wamekuwa wakimsumbua kwa tabia moja mbaya. Wanataka kuona mali. Kule Walikale aliuza shimo la madini kwa matajiri watatu, na biashara ingekwenda vizuri kabisa kama wote watatu wasingepata hamu ya kwenda kulitazama siku moja. Ndiyo maana sasa alikuwa Sake, bila sanduku. Na hapa redio inamwambia kwamba ipo mali ambayo kanuni zenyewe zinamkataza mteja asiione.

Akarudi kutafuna, polepole, kama mtu aliye kanisani.

Jileti aliipata Goma, ya kaki, yenye mifuko mingi kuliko vitu ambavyo mtu mmoja anaweza kuwa navyo. Katika nchi yetu jileti ya namna hiyo, ile ya watu wa miradi, inafungua milango. Aliporudi nayo akapita kwenye barrière ya Mubambiro, kizuizi cha barabarani, askari waliokuwa wakikagua vifurushi vya kila mtu walimtazama, wakaitazama mifuko, wakampungia mkono apite. Séraphin alilichukua tukio hilo kama diploma. Kesho yake akapanda pikipiki ya abiria ya kijana aitwaye Sylvain, wakaelekea juu, Masisi, kwenye ziwa dogo la Luhoro.

Ukilitafuta Luhoro kwenye ramani usipoliona, usiilaumu ramani. Wenye shule wanasema zamani lilikuwa bonde, volkano ikamwaga mawe ya moto yakaziba mdomo wake, na mto ukajaa mpaka ukawa ziwa. Kwa hiyo, kwa bahati mbaya kwake, uongo wa Séraphin ulikuwa na nafasi nzuri ya kuwa kweli.

Kuzunguka ziwa kuna vitu viwili. Kwanza kuna malisho ya Papa Rukundo, tajiri wa ng'ombe, vilima juu ya vilima, vimezungushwa waya. Halafu, kati ya waya na maji, kuna ukanda mwembamba wa udongo mweusi. Jua likizidi maji yanarudi nyuma, ukanda unatoka, na wanawake wa Luhoro wanaulima maharage. Hapo ndipo alipolima Mama Céline. Alikuwa mjane, na hakuwa na shamba jingine. Zamani alikuwa nalo, kule mlimani, lakini vita vilimkimbiza, na aliporudi alikuta waya wa Rukundo umekwisha kupita katikati ya migomba yake. Alibaki na ule ukanda. Ukiondoka ule ukanda, yeye na watoto wake wanarudi kambini kupanga foleni ya unga, na Céline alikuwa ameapa kwamba foleni ile haipangi tena.

Rukundo naye aliutaka ukanda huo kwa miaka, ng'ombe wake wapate kushuka kunywa bila kuzunguka. Nguvu alikuwa nayo. Waya alikuwa nao. Alichokosa ni sababu yenye jina la Kifaransa.

Séraphin alimletea.

Walikaa kwenye varanda ya tajiri, wanakula jibini. Séraphin alieleza habari za vijiji vya baharini kwa ufundi mkubwa, akaongeza kwamba wataalamu sasa wametoka baharini wamehamia kwenye maziwa, na kwamba mashine iliyoko mbali sana, juu angani, imekwisha kuona nyumba chini ya Luhoro. Rukundo alimsikiliza akiwa amefumba jicho moja, kama anavyosikiliza wanunuzi wa ng'ombe.

"Weye uliona hiyo manyumba?" aliuliza.

"Hapana, Papa. Na weye hautaona. Njo sheria yenyewe. Patrimoine, mali ya wazee, ya chini ya maji haiguswe. Muntu akitaka kukuonyesha, ujue iko mwizi."

Rukundo hakuwa mjinga. Nalisema hilo kwa sababu waliosikia habari hii baadaye walimcheka sana. Alikuwa tayari kumwagiza mchungaji mmoja amsindikize mgeni huyu mpaka getini, tena kwa fimbo. Lakini Séraphin akataja, kama jambo dogo tu, kwamba kando ya maji lazima kuwe na zone tampon, ukanda wa kulinda, ambao jembe haliruhusiwi kupita.

Tajiri akaweka kikombe chini. "Jembe hapana?"

"Hapana kabisa. Jembe inachokoza."

"Na ngombe?"

Séraphin alimtazama usoni, akaiona roho yake yote mpaka chini, bila mashine yoyote.

"Ngombe iko nature, Papa," alisema.

Baada ya hapo walielewana upesi. Ilibaki kulipia safari ya kwenda kufungua mradi. Rukundo alieleza kwamba fedha zake ziko benki, na benki za Goma kila mtu anajua zimefungwa, kwa hiyo angempa ng'ombe watatu wa kuchinja, wanono, auze mwenyewe sokoni Sake. Séraphin angependelea noti, lakini siku hizi hata watu waaminifu wanapokea ng'ombe. Sharti la Rukundo lilikuwa moja: Jumapili, baada ya ibada, mtaalamu asimame mbele ya watu wote aseme mwenyewe habari ya ukanda, wanawake wasikie kutoka kinywani mwa jileti.

Siku za katikati Séraphin hakukaa bure. Alipita nyuma kwa wanawake, maana mtu wa kazi yake hawezi kuona mfuko asiuguse. Aliwanong'oneza kwamba kuna zone inakuja, lakini atakayeukumbuka mradi kwa kitu kidogo, shamba lake litasahauliwa. Wakampa kuku, wakampa maharage. Céline alitoa tetea wake wa pekee. Alimtazama Séraphin anavyomfunga kuku miguu, akamwuliza tu kama ni kweli kwamba kilichoko chini ya maji lazima kibaki palepale na aliye juu ndiye mlinzi. Séraphin akamhakikishia kwamba ndivyo dunia nzima inavyosema. Céline akamshukuru, akaenda kwa rafiki yake Murekatete, mjane mwuza maziwa wa upande wa wafugaji, wakakaa wanaongea mpaka maziwa yakaganda.

Padri hufika Luhoro barabara ikipenda, kwa hiyo Jumapili huongozwa na katekista Albert, mzee mwenye koti moja na sauti ya watu wawili. Alipomaliza sala ya mwisho, Rukundo alisimama, akasema maendeleo yamefika. Chini ya ziwa, alisema, kuna kijiji cha wazee wetu, na yeye mwenyewe, kwa moyo wake, amempa mtaalamu ng'ombe watatu kwa ajili ya kazi hiyo. Alisema hivyo ili apigiwe makofi, akapigiwa. Kisha akamwachia Séraphin nafasi.

Séraphin alinena. Alizungumza juu ya watu wa kale mpaka wanaume waliokuwa wanaondoka wakarudi. Alipofika kwenye zone, wanawake wakaanza kutazamana, na Céline akasimama. Alikuwa anasimama mbele ya mtu mwenye waya, na hakuwa na kitu kingine cha kupoteza isipokuwa ule ukanda.

"Papa mtaalamu," alisema, "bale bantu, walihamaka mbele, ao maji ilibakuta ku nyumba?"

Hapo Séraphin akakosea. Angesema walihama mapema na mbuzi wao, kila kitu kingekwenda sawa, na leo angekuwa anauza volkano kwa mtu mwingine. Lakini fundi ni fundi. Aliona uwanja mzima umesogea mbele kumsikiliza, aliona mdomo wa Rukundo uko wazi, akashindwa kujizuia asitie chumvi.

"Maji ilikuja ghafula, Mama. Hakuna hata mumoja alitoka. Bote bako pale chini, na batoto babo, mpaka leo."

Céline akamgeukia Rukundo, akamwuliza kwa adabu kama yeye pia anakubali. Rukundo alikuwa anawaza ukanda. Akainua mkono, akasema anakubali mbele ya Mungu na ya kanisa kwamba ndani ya Luhoro kuna watu.

"Na nani alibaliliaka?" aliuliza Céline.

"Hakuna muntu," alisema Séraphin, na uso wake wa mama mgonjwa ukafanya kazi yake yote. "Tangu ile siku, hakuna muntu hata mumoja alibalilia."

Céline akavua kitambaa cha kichwani, akakifunga kiunoni. Akaweka mikono miwili juu ya kichwa, akapiga kilio.

Ninaposema kilio, nina maana ile sauti inayomfanya mtu aliyeko ng'ambo ya mlima aache jembe na kuuliza ni nani. Murekatete akakipokea. Wakafuata wengine, na kabla Séraphin hajapata jina la kuliita jambo lile, uwanja mzima wa kanisa ulikuwa umekaa chini.

Pale Luhoro wenye mashamba na wenye ng'ombe hawapatani kwa mengi, lakini kuhusu matanga wana desturi moja. Aliyeleta habari ya kifo haendi zake. Anakaa kwenye mkeka pamoja na wafiwa mpaka matanga yaondolewe, na alichokuja nacho kinaingia kwenye chungu. Wanasema mtu akileta kifo halafu akaondoka, ameacha mlango wazi. Katekista Albert alimweleza Séraphin hayo kwa upole, huku amemshika mkono, na mkono wa Albert ulikuwa mkono wa mtu aliyepasua mbao maisha yake yote.

Séraphin alisema ana mkutano Goma. Alisema ana tumbo. Alipopata nafasi alimkimbilia Sylvain wa pikipiki, akamwahidi mara mbili ya nauli.

"Kaka, hii moto iko mupya," alisema Sylvain, akipapasa tangi la pikipiki yake. "Sibebe muntu wa kilio juu yake."

Sasa, matanga hukaliwa nyumbani kwa marehemu. Nyumba za marehemu hawa zilikuwa chini ya maji, kama mtaalamu mwenyewe alivyothibitisha. Kwa hiyo watu wakakaa karibu nazo iwezekanavyo, ndiyo kusema palepale kwenye ukanda. Wanawake walishuka na mikeka, vyungu na kuni. Wakasimamisha vibanda vya majani ya migomba na vya turubai zile nyeupe walizorudi nazo kutoka kambini, ambazo kwa wengi wao ndizo mradi pekee uliowahi kuwafikia. Halafu Murekatete akapanda kwenye malisho, akawaambia wachungaji kwamba wafiwa wanawataka ng'ombe wa yule mleta habari. Rukundo alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba wale watatu si wake tena. Alisimama getini akawatazama wanashuka mmoja mmoja kuelekea kwenye visu, na hakuwa na neno la Kifaransa la kuwarudisha.

Séraphin aliwekwa kwenye mkeka wa mbele kabisa, kati ya Céline na katekista, mahali pa ndugu wa karibu. Watu waliokuja kutoka vijiji vingine walimpa mkono, wakamwambia pole kwa msiba. Yeye aliyekuwa akila mali za watu kwa uongo sasa alikula ng'ombe wake mwenyewe kwa kijiko cha wengine, na alipata mfupa. Jileti ilinuka moshi. Kuku wote aliokusanya walipikwa, isipokuwa tetea mmoja aliyeponyoka, na ambaye kwa maajabu alionekana nyumbani kwa Céline.

Jioni moja jua lilipokuwa linazama alimsogelea Céline, akamwuliza kwa sauti ya chini kama kweli anaamini habari ile ya kijiji.

"Miye nitajua nini? Weye njo mtaalamu," alisema Céline. "Ao ulitudanganya? Kama ulitudanganya sema tu. Papa Albert atasimama, atawaambia bantu yote, na Papa Rukundo pia atasikia."

Séraphin akawatazama wachungaji wa Rukundo, na fimbo zao ndefu. Akasema hajadanganya mtu.

"Basi acha tulie," alisema Céline.

Mpaka hapo ilikuwa mchezo, na nakiri kwamba mimi ninayesimulia ningefurahi kama ungebaki mchezo. Séraphin naye aliuona hivyo. Alitambua kwamba amekutana na fundi kumpita yeye, na kwa mtu wa kazi yake kuna raha fulani hata katika kushindwa na fundi. Alianza kulia vizuri zaidi. Wengine walimsifu.

Siku ya kuondoa matanga ikafika. Asubuhi hiyo, kwa desturi, wafiwa husimama na kuwaita marehemu kwa majina, mmoja mmoja, wapate kujua kwamba wameliliwa. Séraphin alijiuliza watatoa wapi majina ya watu wa kabla ya chuma. Alitega sikio, akitegemea kusikia kitu cha kubuni, kirefu, chenye ladha ya kale.

Céline aliingia majini mpaka magotini, akaita, "Jean-Bosco." Akasubiri kidogo, akaita tena, "Gentille."

Séraphin alikaribia kucheka. Alimwinamia Murekatete, akamwuliza tangu lini watu wa kale wakabatizwa.

Murekatete hakukasirika. Alimjibu huku anatazama maji.

"Jean-Bosco iko bwana yake. Gentille iko mutoto yake wa kwanza. Ile siku ya kukimbia tulipanda mutumbwi bengi sana, masasi ya bunduki ikiwa nyuma. Mutumbwi ilipinduka pale katikati. Siye tuliofika ngambo hatukulia, sababu ukilia banakusikia. Tulifunga mudomo, tukatembea. Kiisha tulirudi, tukataka kukaa matanga. Bakubwa balituambia: mu ziwa hakuna muntu, musilete fujo. Basi tulikuwa tunangoja. Tulikuwa tunangoja muntu wa jileti atuambie mbele ya bote kama mu ziwa iko bantu."

Kisha akasogea majini zamu yake ilipofika, akaita jina la mume wake, Kabera. Nyuma yake wengine wakaita Béata, wakaita Manzi, wakaita mtoto ambaye alikuwa hajapewa jina. Majina ya wenye mashamba na majina ya wenye ng'ombe yaliitwa mchanganyiko, kama watu walivyokuwa wamejazana kwenye ule mtumbwi.

Séraphin akarudi nyuma hatua moja, maji yasimguse. Aliona aibu. Naiandika wazi kwa sababu hakuwa na mazoea nayo na mwanzoni alidhani ni njaa. Kwa watu wa maelfu ya miaka iliyopita kuna wataalamu, kuna redio, kuna kanuni inayokataza hata kutikisa mchanga uliowafunika. Kwa hawa waliozama juzi, wajane wao walilazimika kungoja tapeli.

Wakati huo ndipo Rukundo aliposhuka na wachungaji wake. Alikuwa amengoja matanga yaishe kama mtu anayengoja mvua, na sasa alitaka kujua ukanda unabaki wazi saa ngapi. Alifika majina yakiwa bado yanaitwa, akasikia la Kabera. Kabera alikuwa amechunga ng'ombe wa tajiri huyo tangu ujana, na baada ya vita Rukundo hakuwahi hata kupita kwa mjane kusema pole. Wachungaji waliokuja naye walikuwa wamelala zizi moja na Kabera. Walipolisikia jina, waliweka fimbo zao chini, wote, bila kutazamana.

Rukundo alibaki amesimama peke yake. Lakini mtu aliyezoea waya haachi upesi. Alisema yeye pia amesikitika, ila matanga yamekwisha, na zone ni zone. Katekista Albert akamjibu kwamba hapa si zone tena, ni makaburi. Na pale Luhoro kila mtu anajua: makaburi yako nyumbani, katikati ya maharage na migomba, jembe la wafiwa hupita kando yake na ndilo linaloyasafisha, lakini mwenye ng'ombe akikanyagisha kwato kwenye kaburi, hakuna nyumba itakayompa maji ya kunywa.

"Mtaalamu alisema jembe hapana," alisema Rukundo. "Alisema mbele yenu bote. Asimame."

Watu wote wakamgeukia Séraphin. Céline pia alimgeukia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kanisa alionekana anaogopa. Alikuwa amemshika mtu huyu kwa uongo wake mwenyewe, lakini uongo ni wa mwenye kinywa, na neno moja sasa lingempa Rukundo kila kitu. Séraphin aliliona hilo vizuri kuliko wote. Aliona vilevile kwamba ng'ombe mmoja mwingine, labda wawili, walikuwa wamesimama machoni pa Rukundo wakimngoja. Rukundo hata alikuwa amekwisha kutikisa kichwa kidogo, kumwonyesha kwamba wapo.

Séraphin akasimama, akafunga vifungo vya jileti. Alisema kuna makosa yamefanyika katika kuelewa. Jembe la mkono, alieleza, linachokoza pale tu linaposhikwa na mgeni. Jembe la mlinzi ni jambo jingine, maana mizizi ya maharage inakamata ukingo usiporomoke juu ya waliolala. Hatari yenyewe ni kwato. Ng'ombe mmoja akisimama kando ya maji, uzito wake unaingia udongoni, unateremka, unakwenda chini kwa chini mpaka unatikisa nyumba za wazee. Alitaja nchi za Ulaya ambako ng'ombe wamehamishwa pamoja na wenyewe. Alitaja vipimo. Alisema mashine ile ya angani ikiona kwato hapa, si mradi tu utakaokufa, bali watakuja watu kumwuliza mwenye ng'ombe maswali, pamoja na lile la waya umeanzia wapi na umeishia wapi.

"Uliniambia ngombe iko nature," alisema Rukundo, kwa sauti ndogo.

"Papa," alisema Séraphin, "hata volkano iko nature."

Ulikuwa uongo bora kuliko wote aliowahi kusema, na wa kwanza ambao hakulipwa. Rukundo aliwatazama wachungaji wake. Hakuna aliyeinama kuokota fimbo. Akageuka, akapanda kilima, na msimu ule ng'ombe wake walikwenda kunywa kwa kuzunguka, kama walivyokuwa wakizunguka siku zote.

Yaliyobaki yalikuwa ya desturi. Wafiwa wa karibu hunyolewa, na hakuna aliyekuwa ameketi karibu kuliko Séraphin. Zile nywele za mafuta, zilizogawanywa upande, zilianguka kwenye mkeka, na kichwa kilichotokea chini yake kilikuwa kidogo kuliko watu walivyofikiria. Céline ndiye aliyeshika wembe. Séraphin akamwuliza kwa mnong'ono kama alimjua tangu mwanzo.

"Tangu siku ya kuku," alisema Céline. "Ulisema uongo, kaka, lakini uliisema pahali kweli iko. Usitikise kichwa."

Akamwambia pia kwamba sasa yeye ni mtu wa matanga haya, na mtu wa matanga hurudi kila mwaka siku kama ile, na kitu mkononi. Séraphin alikubali kwa moyo wote, kama anavyokubaliana na kila mtu. Sylvain akambeba mpaka Sake. Kutoka pale akapotea upande wa Hombo, ambako inasemekana aliwauzia wafanyabiashara dawa ya kuotesha nywele, akitumia kichwa chake mwenyewe kama mfano wa mgonjwa.

Sitaki mtu adhani alibadilika. Watu wa aina yake hawabadiliki, wanabadilisha barabara tu. Nasimulia kilichoonekana, basi. Mwaka uliofuata, siku ile ya majina, watu walikuwa wamekusanyika kwenye ukanda, maharage yamefika kiunoni, na Céline alikuwa bado ameketi kwenye mkeka wa mbele, walipomwona mtu anateremka kilima kwa miguu, amevaa jileti, anamvuta mbuzi mnono. Mbuzi huyo alikuwa anageuka nyuma kila hatua, analia, kama anayemtafuta mwenye mali alikobaki. Shingoni alikuwa na kipande cha kamba kilichokatwa kwa kisu, tena karibuni.

Céline alimtazama mbuzi. Aliitazama kamba. Kisha akasogea kidogo kwenye mkeka, mtu apate nafasi ya kukaa.